Kikombe Kimejaa, Baji Ana Njaa

Kuna kifo cha ndege wa kufugwa kinachomkuta mwenye nyumba akiwa na hakika kwamba ametimiza wajibu wake wote. Asubuhi anachungulia kwenye tundu, anaona kikombe cha uwele kimejaa, anaenda zake kazini. Jioni bado kimejaa. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu ndege amelala chini kwenye gazeti, amekauka. Kumbe kilichojaza kikombe ni makapi matupu. Baji, kasuku mdogo wa kufugwa, hamezi punje nzima kama kuku. Anaimenya kwa ulimi na ncha ya mdomo, anameza kiini, na ganda linadondoka palepale lilipotoka. Ukipuliza juu ya kikombe makapi yakaruka, ndipo utajua kama kuna chakula.

Nimeanza na makapi kwa sababu karibu mkanganyiko wote wa lishe ya ndege huyu unatoka hapo: tunahesabu tulichokiweka, hatuhesabu kilichoingia kwenye gole, ule mfuko wa chakula shingoni mwa ndege. Mtu atakwambia ndege wake anakula mchanganyiko wa mbegu aina sita, mboga na matunda. Ukikaa naye nusu saa ukamtazama huyo ndege, utakuta anakula mbegu aina moja.

Kwanza tumjue mwenyewe. Baji ni yule kasuku mdogo wa kijani na njano, mwenye mistari myeusi kichwani na mgongoni, ingawa wafugaji wamemzalisha hadi akapata rangi za buluu, nyeupe na kijivu. Wauzaji wengine humchanganya na cherero, kasuku wetu mnene mwenye mkia mfupi. Cherero ni Mwafrika, na mmoja wao, yule mwenye uso wa rangi ya chungwa, asili yake ni kaskazini mwa Tanzania. Baji ni wa Australia, sehemu kame za ndani kabisa ya bara hilo. John Gould, mtaalamu wa ndege wa Kiingereza, ndiye aliyewafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wamesambaa duniani kuliko kasuku mwingine yeyote wa kufugwa. Uzito wake ni kati ya gramu 30 na 40. Ushike uzito huo akilini, maana nusu ya makosa tunayofanya yanatokana na kusahau kwamba tunamlisha kiumbe ambaye mwili wake wote ni mwepesi kuliko yai la kuku.

Huko kwao baji hula mbegu za nyasi, tena nyingi akiziokota chini. Hapa ndipo watu wanapochukua ushahidi wa uongo: kama porini anakula mbegu, mbona nyumbani aambiwe mbegu hazimfai? Ni kwa sababu punje changa ya porini ni chakula kingine. Wewe mwenyewe unajua tofauti ya hindi bichi lenye maziwa na hindi kavu la ghalani. Kundi la baji huifuata mvua, mamia ya kilomita, likitafuta mahali nyasi zimetoka kuzaa. Linakula punje changa pamoja na kijani kilichoizunguka, na kila tonge limelipiwa kwa mbawa. Wa kwako anapanda kijiti, anashuka kijiti, na punje kavu iko sentimita 10 kutoka mdomoni mwake tangu alfajiri hadi magharibi. Ni kama mkulima wa jembe la mkono aliyehamia ofisini bila kupunguza sahani ya ugali.

Sasa tuingie kwenye gunia lenyewe. Madukani kwetu ndege huuziwa zaidi uwele, mtama, ulezi na alizeti, na pengine zile mbegu ndogo za chiriku, zenye ncha mbili, zinazoagizwa kutoka nje ya nchi. Zote zinaitwa mbegu, lakini hazifanani. Kiini cha alizeti ni mafuta kama nusu yake, wakati uwele una kama asilimia 5 tu. Baji akipewa vyote pamoja, mara nyingi ataanza na alizeti, kama mtoto anavyomaliza nyama kwanza na kuacha mchicha. Kwa hiyo mchanganyiko ulioandikwa kwenye pakiti hauna maana yoyote kama kila siku unajaza kikombe upya kabla hajafika kwenye uwele. Mimi alizeti nimeiondoa kabisa kwenye kikombe. Punje moja moja naitoa kwa mkono, kama hongo ya kumfundisha kupanda kidoleni.

Ulezi unastahili sifa kuliko unavyopewa. Punje zake ni ndogo mno na wafugaji wengi huona ni chakula cha uji tu, lakini katika gramu 100 za ulezi kuna kalsiamu kama miligramu 340, mara kadhaa ya ile iliyomo katika uwele au mtama. Hata hivyo usije ukadhani ulezi unamaliza kazi. Nafaka kavu, ziwe za aina gani, zina upungufu uleule: vitamini A ni kidogo mno, iodini ni haba, na protini yake haijakamilika.

Upungufu huo haupigi hodi. Ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa ndiye wa kwanza kuliwa. Vitamini A ikikosekana, ngozi laini ya ndani ya mdomo na pua inakakamaa, na vijidudu vinapata mlango. Ndipo unaona pua inaziba, ndege anapiga chafya, na wewe unamlaumu upepo wa feni. Iodini ikikosekana, tezi ya shingo inavimba. Watu wa nyanda za juu wanaujua ugonjwa huu kwa wanadamu, wanauita rovu, lakini kwa baji uvimbe uko ndani na hauonekani. Unabana njia ya hewa na gole. Sauti inabadilika, anapumua kwa mlio mwembamba kama mlango usiotiwa mafuta, anatapika punje. Na mafuta yakizidi, ini linajaa mafuta, mdomo unarefuka ovyo na kutokea madoa meusi, na kifuani panaota uvimbe laini.

Baji wangu wa kwanza alikuwa na karibu yote hayo. Aliyeniuzia aliniambia, "Mpe mtama, mpe maji, basi," nami nikafuata kwa uaminifu miaka miwili. Alivyonenepa nilijisifu. Daktari wa mifugo alipompuliza manyoya ya kifuani akanionyesha mafuta ya manjano chini ya ngozi, niliona aibu ya mtu aliyekuwa akimnenepesha mgonjwa.

Baada ya hapo ndipo mfugaji hukutana na ubishi mkubwa: peleti au mbegu? Peleti ni vidonge vilivyosagwa na kukandwa kiwandani, ndani yake mkiwa na nafaka, protini, vitamini na madini kwa kipimo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ndege hawezi kuchagua. Kila kidonge ni sawa na mwenzake. Madaktari wengi wa ndege huzipendekeza kwa sababu hiyohiyo. Lakini wapo pia wasiopenda baji ale peleti tupu, kwa sababu ya wasiwasi kuhusu figo zake. Mimi nasimama katikati: ukizipata na mfuko ukiruhusu, ziwe kama nusu ya anachokula, zisizo na rangi wala sukari, na nusu iliyobaki igawanywe kati ya mbegu na mboga. Usipozipata, usikate tamaa, maana mboga ninazozitaja hapa chini zinaziba mashimo mengi.

Ila usizibe pengo la peleti kwa chakula cha kuku. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema: peleti ni ghali, gunia la kuku wa mayai liko dukani, na kuku si ndege? Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya kama asilimia 3.5 hadi 4, kwa sababu kuku huyo anatengeneza ganda la yai karibu kila siku. Baji asiyetaga hana pa kuipeleka, na mzigo unaangukia figo. Cha vifaranga nacho mara nyingi kimetiwa dawa ya kuzuia kuhara damu, kwa kipimo cha kifaranga.

Na jambo la hatari zaidi, ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: usinunue mbegu za ndege kwenye rafu ya mbegu za kupanda. Zile nyekundu au za waridi zimepakwa dawa ya ukungu na wadudu. Rangi imewekwa makusudi ili mtu asizile. Nenda kwa muuza nafaka za uji.

Tuje kwenye mboga, na hapa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo mfugaji wa London angeilipia. Vitamini A huanzia kwenye vitu vya kijani kibichi kilichokolea na vya rangi ya chungwa. Sukuma wiki ndiyo nguzo: ina kalsiamu nzuri na haina ile tindikali inayoifunga kalsiamu isitumike. Matembele, majani ya maboga, majani ya figili, majani machanga ya mlonge, mchunga wa porini wenye uchungu wake, vyote vinafaa. Karoti ikwaruzwe. Hoho nyekundu ikatwe na mbegu zake ziachwe humohumo, maana mara nyingi huanza kwa kuokota mbegu kisha akajikuta ameonja nyama. Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kichemshwe kidogo, bila chumvi. Boga vilevile.

Mchicha ninauweka pembeni kidogo. Si sumu, lakini ndio wenye tindikali niliyoitaja, kwa hiyo uwe wa mara moja moja. Sukuma wiki na kabichi nazo, zikiwa mboga pekee kila siku kwa ndege asiye na iodini, hazimsaidii ile tezi ya shingo. Suluhisho ni lilelile la jikoni kwako: leo hii, kesho ile. Kisamvu kibichi, hapana. Kila mama anajua kwa nini hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu kabla ya kufika mezani, na baji hana kinu.

Matunda yapo, lakini ni peremende kwake. Kipande cha papai au embe kisichozidi ukucha wa kidole gumba kinatosha, mara mbili au tatu kwa wiki. Tufaha litolewe mbegu.

Njia nyingine ya kuirudisha punje kavu karibu na ile changa ya porini ni kuiotesha. Loweka uwele usiku kucha, asubuhi usuuze, uache kwenye chujio umefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, usuuze tena mchana na jioni. Kijino cheupe kikichomoza, mpe. Bibi aliyewahi kutengeneza kimea anaijua kazi hii bila kusomewa. Lakini kuna mtego mmoja: tumia uwele, ulezi au choroko, usitumie mtama. Chipukizi la mtama lina sumu ileile ya jamii ya sianidi inayowaua ng'ombe wakivamia shamba changa. Na zilizoota zikinuka uchachu au zikiteleza, mwaga zote. Kuotesha kuna faida ya pili pia: ni kipimo cha duka. Kama katika punje 20 zimeota 3, umeuziwa mbegu zilizokufa siku nyingi.

Kuhusu sumu nitasema kwa ukali zaidi. Parachichi ni la kwanza. Lina kemikali iitwayo pasini, ambayo mwanadamu haimdhuru lakini kwa ndege hushambulia moyo, na baji anaweza kufa ndani ya saa 48. Si tunda tu, hata jani. Katika nyumba zetu ambako parachichi hukaa mezani likiiva, ndege anayeachwa huru sebuleni yuko hatarini. Chokoleti, kahawa, pombe, kitunguu, kitunguu saumu, bisi za chumvi, vyote viwe mbali. Kikaango kisichogandisha kikiungua hutoa moshi usio na harufu kali unaoua ndege kwa dakika chache. Si suala la chakula, lakini kwa kuwa tundu nyingi hutundikwa karibu na jiko, siwezi kulipita.

Halafu karanga na mahindi. Hapa adui ni ukungu, na sumu yake ni sumukuvu. Sumu hiyo yenyewe ilijulikana kupitia ndege: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafla, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Sisi tunaijua kwa uchungu zaidi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 walikufa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kama inaweza kumwangusha mtu mzima, fikiria ini la kiumbe cha gramu 35. Karanga mbichi za sokoni simpi kabisa. Nafaka naziweka kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na chochote chenye harufu ya uvundo hakijadiliwi. Fukusi mmoja mmoja hanitishi, ingawa ananiambia gunia ni la zamani.

Kalsiamu kwa watu wa pwani ni ya kuokota. Ule mfupa mweupe, mwepesi, wenye umbo la mtumbwi, unaokutwa ufukweni maji yakitoka, ni mfupa wa dome, mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi. Uloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji ili chumvi itoke, uchemshe, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha uufunge kwa waya ukutani mwa tundu, upande laini ukimwelekea. Ataukwaruza anapotaka. Jike anayetaga anauhitaji zaidi, kwa kuwa kalsiamu ikipungua yai humkwama na linaweza kumuua. Kiasi cha kijiko cha chai cha yai la kuku lililochemshwa, mara moja kwa wiki, kinampa protini. Ukizidisha, unamshawishi atage mfululizo. Lakini kalsiamu haifanyi kazi bila vitamini D, na vitamini hiyo hutengenezwa juani. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halihesabiki. Mtoe barazani asubuhi, nusu ya tundu ikiwa kivulini, na usimwache peke yake na paka wa jirani.

Mchanga na vijiwe: havihitaji. Kuku na njiwa humeza punje na ganda, ndiyo maana firigisi zao hutaka vijiwe vya kusagia. Baji ameshamenya. Vitamini za kutia kwenye maji: sizipendi, zinabadilisha ladha, zinaharibika haraka, na maji yanakuwa uji wa bakteria. Maji safi, kila siku, basi.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini mpango mzuri wa karatasini hushindwa. Baji hujifunza chakula akiwa kinda, kwa kuwatazama wenzake. Aliyekulia uwele haoni sukuma wiki kama chakula, anaona jani. Ukimwondolea mbegu ukidhani njaa itamfundisha, atakaa na njaa hiyo mpaka afe, na haitachukua siku nyingi. Kwa hiyo badiliko lolote ni la wiki, pengine miezi, na linakwenda na mizani. Nunua ile ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, weka kijiti juu yake, mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Mwenye gramu 35 akipoteza 3 au 4, rudi kwenye mbegu mara moja na umwone daktari. Angalia na kinyesi pia: kikipungua sana au kikawa cheusi na kidogo, ujue ndege hali chochote, hata kama yuko bize kwenye kikombe akimenya na kumwaga.

Mbegu zipimwe, kijiko kimoja na nusu cha chai kwa siku, viwili kama anaruka sana. Toa asubuhi kidogo, jioni kidogo. Katikati, mboga iwe peke yake tunduni. Usiiweke kwenye kikombe. Ifunge kwa kibanio juu, karibu na kijiti chake cha kulalia, ikiwa imelowa maji. Na wewe kula mbele yake, utafune hilo jani kwa mbwembwe, kwani kwa akili yake wewe ndiye kundi lililobaki.

Yule wangu alikaa siku kumi na tisa akiliogopa jani la sukuma wiki kama nyoka. Siku ya ishirini, lilipokuwa linadondosha maji, alijitupa juu yake akaanza kuoga, akajibiringisha, akatimua manyoya. Alipomaliza alikuwa na kipande cha kijani kimenasa mdomoni. Alitulia nacho kitambo, akakizungusha kwa ulimi kama anayetafuta ganda la kumenya, halafu akakimeza.